Opera ya Mzee Balbir

Hebu niambie, mtu akianguka mbele yako, ni neno gani linakutoka kwanza? Pole, sivyo? Unasema pole hata kama ulikuwa ng'ambo ya barabara na aliyemwangusha ni ganda la ndizi. Hujakiri kosa lolote. Umemshika mkono kwa maneno, basi. Serah Mwende naye alisema pole siku Mzee Balbir alipoanguka, ila aliisema kwa Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichomponza.

Lakini tusikimbie. Kabla ya kuanguka kulikuwa na opera.

Serah alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, Mkamba wa Kitui, Kenya, na alikaa Kilburn, London, katika chumba kilicho juu ya duka la kutengeneza simu. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaosha, kuwavisha, kuwapa dawa na kifungua kinywa. Kila asubuhi alipanda treni ya mstari wa kahawia mpaka Kenton, akatembea dakika tisa, akapita duka la mboga lililoanika bamia na mihogo nje, akaingiza ufunguo mlangoni kwa Mzee Balbir saa mbili kamili. Alifanya hivyo miaka minne.

Mzee Balbir alikuwa Singasinga wa Kisumu. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Yeye mwenyewe alianza kwa kutengeneza vinanda vya hekaluni kwao, na alipohamia London mwaka wa sitini na nane akawa fundi wa piano, yule anayekuja na ufunguo wake mdogo kukaza nyuzi moja moja mpaka sauti zikae sawa. Alifanya kazi hiyo miaka arobaini. Sasa alikuwa na themanini na sita, mkono wa kulia unatetemeka, macho yanafifia, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha gereji za Kisumu, hakikubadilika hata nukta.

"Serah, chai iko wapi?"

"Iko njiani, Mzee."

"Njiani ya wapi? Mombasa?"

Hiyo opera aliipata mwaka wa themanini na tatu. Alikwenda kurekebisha piano ya mama mmoja mjane, na kiti cha piano ile kilikuwa kile kinachofunguka kama sanduku. Ndani mlikuwa na kitabu chenye jalada la kijani, kimeliwa na ukungu pembeni, kimepigwa chapa mwaka wa 1908. Yule mama akasema, chukua, hapa hakuna anayekipiga. Opera, kwa asiyeijua, ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba tu, hata anayeomba chumvi anaiomba kwa kuimba. Na hii ilikuwa hadithi ya kale, ya mazimwi na maajabu, iliyotungwa na mwalimu mmoja aliyeitwa Harle.

Mzee aliitafuta habari yake katika maktaba zote. Alichopata hakikujaza ukurasa. Ilichezwa jioni tano. Magazeti yaliwacheka wale waimbaji waliovishwa mabawa ya nyuki. Ikafungwa. Harle akarudi kufundisha watoto kuimba, akafa, na tangu hapo hakuna aliyeigusa.

"Siku tano," Mzee alikuwa akisema, akiinua vidole vitano vinavyotetemeka. "Hata maziwa inakaa kuliko hiyo."

Hadithi yenyewe ni hivi. Mfuga nyuki alikuwa na watoto wawili, kaka na dada. Kaka akaenda kwenye kinamasi akakutana na kizee, akamuuzia jina lake kwa jozi ya viatu visivyochakaa. Aliporudi hakuna aliyeweza kumwita. Mama yake mzazi alimwona akipita uani akamdhani mpita njia. Dada akafunga safari mpaka kinamasini, akamwomba kizee jina la kaka yake. Kizee akasema, nitakupa, ila niachie lako. Akaliacha. Mwisho wa mchezo kaka yuko nyumbani, wanakula, wanacheka, na dada amesimama nje dirishani anaimba, na ndani hakuna anayekumbuka kwamba nyumba ile iliwahi kuwa na binti.

Mara ya kwanza Mzee alipompigia Serah wimbo huo wa dirishani, mkono wa kushoto peke yake kwa sababu wa kulia ulikuwa umekataa siku hiyo, Serah alikuwa anapanga vidonge kwenye kile kisanduku chenye vyumba vya Jumatatu mpaka Jumapili. Aliweka vya Alhamisi mara mbili. Akavitoa, akavihesabu upya.

Tangu siku hiyo alitaka kuuimba wimbo ule. Si kuusikia, kuuimba. Alikuwa ameingia nyumba za watu miaka ishirini na miwili, anajua sukari inakaa wapi na ni paja gani linauma, na akitoka, mlango unafungwa kana kwamba hakuja. Lakini hakujieleza hivyo. Yeye alijua tu kwamba kila wimbo ulipofika kwenye noti yake ya juu, mikono yake iliacha kazi.

Hapo ndipo Mzee alipopata wazo lake. Alijua kwamba Serah anaimba katika kwaya ya kanisa Kilburn, watu kumi na mmoja, Wakenya na Wakongomani, chini ya Mwalimu Fanuel, ambaye siku za kazi ni dereva wa basi. Akauliza, hao watu yako wanasoma noti? Serah akasema wanasoma solfa. Do, re, mi, zilizoandikwa kwa herufi, kama walivyofundishwa shuleni kwa ajili ya tamasha la muziki. Vile vimistari vitano vyenye vichwa vyeusi, hapana.

"Basi mimi naandika solfa," Mzee akasema.

Akaandika. Miezi kumi na minne. Wimbo mmoja mmoja, kwa kalamu nene ya wino mweusi, kwenye karatasi kubwa, kwa sababu ya macho. Maneno waliyatafsiri pamoja asubuhi, yeye akila mkate wake wa siagi na Serah akikunja nguo.

"Andika: mimi iko nje."

"Niko nje, Mzee."

"Iko ni silabi mbili. Niko ni silabi mbili. Noti haina shida."

"Noti haina shida, mimi ndiye nina shida. Siwezi kusimama mbele ya Wakenya niseme mimi iko nje."

"Wakamba nyinyi mna maringo sana."

"Andika niko."

Akaandika niko. Mwalimu Fanuel akakubali. Ukumbi wa kanisa ukapatikana, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, saa tisa alasiri. Haikuwa opera nzima, ni nyimbo tisa tu, na Mzee angekuwa kwenye piano kwa mkono ule utakaomtii.

Jumatano moja walikuwa wanafunga kilemba. Kazi hiyo inataka watu wawili: kitambaa kina urefu wa mita tano, mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, mnakivuta na kukikunja mpaka kinakuwa chembamba kama mkanda. Mzee alikuwa dirishani, Serah mlangoni, kitambaa cha buluu katikati yao.

"Sasa dada, ataimba nani?" Mzee akauliza.

Serah alikivuta kitambaa. Alikuwa na jibu mdomoni, limekaa pale kama peremende. Tangu shuleni aliwekwa sauti ya pili, ile ya chini ya wimbo, kwa sababu mwalimu alisema sauti yake ni nene na ya kuegemewa. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anataka nyingine. Akangoja Mzee amtazame.

"Naona iko ile msichana ya Kongo, Myriam," Mzee akasema, macho kwenye kitambaa. "Amesoma kuimba chuoni. Wewe unaonaje?"

"Ni sawa, Mzee."

"Wewe utashika sauti ya pili. Bila sauti ya pili nyumba inaanguka."

"Nimezoea," Serah akasema, akamkabidhi ncha yake.

Lakini wimbo alijifunza. Mzee alikuwa anavua vifaa vyake vya masikioni kabla ya kuoga, na Serah akimsugua mgongo aliimba sehemu ya dada, mwanzo mpaka mwisho, sauti yote. Mzee hakusikia kitu. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, maji yanamtiririka kwenye ndevu, akidhani nyumba iko kimya.

Kuna aliyesikia. Binti yake wa pekee, Komal, daktari wa meno aliyekaa Watford, alikuwa ameweka kamera ndogo inayonasa na sauti ukumbini karibu na mlango wa bafu. Hakuiweka kwa ubaya. Alikuwa na wagonjwa kutwa, na baba yake alikuwa ameanza kusahau jiko. Komal alizaliwa London, Kiswahili hakujua hata neno.

Ikaja Alhamisi, siku tisa kabla ya ile Jumamosi. Serah alimwacha Mzee amekaa kitandani.

"Ningoje hapo, niweke chai."

"Mimi si mtoto."

"Najua. Ningoje tu."

Jikoni akatwanga tangawizi, akamimina maziwa kwenye sufuria, akaanza kuimba. Asubuhi hiyo sauti yake ilikuwa imefunguka. Alipofika pale juu aliishika ile noti, akaishika zaidi ya ilivyoandikwa, akiangalia maziwa yanapanda. Ndipo akasikia kishindo, kama gunia la viazi limeachiliwa sakafuni.

Mzee alikuwa bafuni, ubavu kwenye vigae, mguu umegeuka upande usio wake. Serah alipiga magoti. "Sorry, Mzee," alisema. "Sorry, sorry, sorry sana." Ndivyo tunavyosema, wewe mwenyewe unajua, hata katikati ya Kiswahili. Pole imevaa koti la Kizungu. Aliendelea kuisema mpaka gari la wagonjwa lilipokuja.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini. Kampuni ya wahudumu ilikuwa kwenye ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Alikuta watu wawili: meneja, mama wa Kiingereza mwenye miwani ya kijani, na Hillary, msimamizi wake, kijana wa Kericho aliyekuwa akimwita mama, na ambaye Krismasi alikuja kwake akala chapati sita. Kibali cha Hillary cha kuishi nchini kilitoka kwa kampuni hiyohiyo. Ikimwacha, anarudi Kericho na mke na watoto wake pacha.

Meneja alifungua kompyuta, akabonyeza rekodi ya kamera ya Komal. Sauti ya Serah ikatoka, inaimba. Yeye mwenyewe hakuwahi kujisikia. Kwa nukta chache alisahau alipo. Alikuwa anasikiliza kama anaijua noti ile ya juu. Aliijua. Kisha kishindo. Kisha: sorry, sorry, sorry sana.

"Ulikuwa unaomba radhi kwa kosa gani?" meneja akauliza kwa Kiingereza, kwa upole.

"Sikuomba radhi. Kwetu mtu akiumia unamwambia hivyo. Ni pole. Hata kama hukufanya kitu."

"Lakini ulisema sorry."

"Nilisema."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Meneja aliandika. Serah akamgeukia Hillary. "Waambie," akamwambia kwa Kiswahili. "Wewe unajua. Waambie pole ni nini."

Hillary alikuwa anatazama kalamu yake. Alikuwa na kidonda kidogo cha wembe kidevuni. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba yeye anaona ni vyema kufuata kilichorekodiwa.

Hapakuwa na makelele. Hakufukuzwa hata. Aliambiwa asiende tena kwa Mzee, wala asimpigie simu, mpaka uchunguzi uishe, na kwamba watamjulisha. Hillary akamfuata kwenye ngazi.

"Pole, mama," akamwambia.

Serah akasimama ngazi ya tatu kutoka chini, mkono kwenye chuma. "Hiyo ni pole gani, mwanangu?"

Mlango wa duka la dawa ukafunguka, ukafungwa.

Na hilo swali alilomwuliza Hillary lilimrudia yeye mwenyewe. Kwenye treni, akisugua sufuria, akisuka nywele, alijiuliza: na yangu ilikuwa gani? Maana neno lile la Kiingereza linabeba pole na nisamehe kwa mkono mmoja. Na kweli alikuwa anaimba. Na kweli aliishika ile noti kupita kiasi. Kama angeimba sauti ya pili, ile fupi, ya kujishusha, labda angesikia kitanda kikilia Mzee alipoinuka. Alianza kutokuwa na hakika. Uchunguzi haukuisha, haukuendelea. Simu haikulia tu. Mwezi wa sita akapata kazi ya kufua mashuka kwenye chumba cha chini cha hoteli, ambako mashine zina kelele na hakuna anayeimba.

Ile Jumamosi ya mwezi wa nne ilipita. Mzee alikuwa hospitalini, nyonga imevunjika. Mwalimu Fanuel akasema tumngoje apone. Wakafanya mazoezi mara mbili bila piano. Mara ya pili walikuja watu sita. Myriam alimkumbatia Serah, akamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amepata nafasi katika kundi la waimbaji Manchester, anaondoka Jumatatu, na kwamba ule wimbo wa dirishani ni mzuri ila kwa kweli bado hajapata muda wa kuushika. Serah akamtakia heri. Karatasi zikaingia kabatini kanisani, chini ya nyimbo za Pasaka, na baadaye chini ya za Krismasi.

Komal alipiga simu mwezi wa kumi. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. Alisema baba yake yuko kwenye nyumba ya wazee, na kwamba Kiingereza kimemtoka, chote. Kipunjabi kinakuja na kuondoka. Kuna lugha nyingine anayoongea kutwa, na wahudumu wameirekodi, na yeye anadhani ni ya Serah. Akaiweka karibu na simu.

"Miguu iko baridi," sauti ya Mzee ilisema, nyembamba. "Leta soksi. Nani iko hapo? Miguu iko baridi."

"Anasema nini?" Komal akauliza.

"Anaomba soksi."

Komal aliizima rekodi. Kisha akasema rekodi ile ni ya wiki sita zilizopita. Akauliza kama Serah anaweza kwenda kumwona.

Serah alinunua soksi za sufu, jozi tatu, akapanda basi mpaka mwisho wa njia. Walimkalisha Mzee kwenye kiti karibu na kipasha joto kisichowaka. Kichwani hakuwa na kilemba. Pale hapakuwa na wa kushika ncha ya pili, kwa hiyo walimvika kofia ya kufuma, ya kijivu, kama mvuvi. Alikuwa amepungua nusu. Serah alimsalimu, akapiga magoti, akamvisha soksi, akamkanda vidole kimoja kimoja. Akamwuliza habari za kitabu cha kijani. Mzee hakujua. Komal alikuwa amekwisha kumwambia kwenye simu kwamba nyumba ya Kenton iliuzwa, na waliokuja kuisafisha walichukua piano na kila kilichokuwa pamoja nayo.

"Serah," Mzee akasema ghafla, na macho yake yakawa yale ya zamani.

"Naam, Mzee."

"Waliimba?"

Angeweza kusema ndiyo. Ni nani angemkatalia? Ukumbi ulijaa, watu walisimama, wengine walilia. Aliyaona yote yamekaa tayari. Lakini alikuwa amechoka na maneno yanayosema kitu kingine.

"Hawakuimba, Mzee."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Mzee alifikiri. "Harle alipata tano," akasema.

Mhudumu aliingia akakusanya vikombe, akawasha taa, akasema kwa furaha kwamba leo kumbe kuna mgeni, akatoka. Nje kulikuwa na uwanja wa kuegesha magari na mvua.

"Nani alikuwa dada?" Mzee akauliza.

"Ulimchagua Myriam."

"Aah. Myriam. Sauti yake iko juu."

"Iko juu."

Aligeuza uso kwenye kioo, na Serah hakuweza kujua kama bado yupo naye au amekwisha kwenda tena. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya goti. Serah akaushika, akautuliza ndani ya mikono yake miwili, akabaki amepiga magoti pale sakafuni ingawa yalikuwa yanamuuma.

"Nilitaka kuimba mimi, Mzee," akasema. "Ile siku ya kilemba, uliponiuliza dada ataimba nani, nilikuwa nimesimama pale nangoja useme ni wewe, Serah. Nilikuwa naujua wote. Nilitaka niimbe mimi."